Maua ya Septemba kwenye Udongo wa Chai

Ukipita barabara ya Kapkatet kwenda Litein mwezi wa Septemba, tazama maboma ya watu kabla hujatazama chai. Utaona haidrenjia za buluu iliyokolea kama ile rangi tuliyokuwa tukitia kwenye maji ya kusuuzia sare nyeupe za shule. Za kwangu zimetokana na vipandikizi ambavyo marehemu baba alivikata kwenye bustani ya nyumba ya meneja, alikokuwa akifanya kazi. Alivifunga kwenye kipande cha gunia chenye maji, na mama akavibeba nyumbani chini ya kikapu cha chai. Siku hizo maua yalikuwa mambo ya Wazungu, na majirani walimwuliza baba yanaliwa upande gani.

Buluu hiyo inatoka ardhini. Mchai hupenda udongo wenye asidi, pH ya kama 4.5 hadi 5.5, na katika udongo wa namna hiyo madini ya alumini huyeyuka yakafikia mizizi. Mchai huyafyonza na kuyaweka kwenye majani yaliyokomaa. Haidrenjia huyapandisha hadi kwenye ua, likawa buluu. Asidi ikipungua, alumini hung'ang'ania udongoni na shina lile lile hutoa maua ya rangi ya waridi. Ninalo moja nyuma ya jiko ambalo halijawahi kuwa buluu, kwa sababu hapo ndipo tunapomwaga majivu, na majivu huua asidi. Wageni huniomba niwakatie "ile aina nyingine". Huwakatia, nikiwaeleza kwamba likifika kando ya chai yao litageuka. Hawasadiki mpaka wajionee. Haidrenjia nyeupe, hiyo haijali. Hubaki nyeupe popote.

Mtoto wa kaka yangu anaishi Leeds, Uingereza. Kila Septemba, majani ya kule yakianza kupukutika, hunitumia picha za krisanthemu zilizopangwa nje ya maduka, kisha hupiga simu, akiniita senge, yaani shangazi.

"Senge, zimeanza kuchanua."

"Zangu zilichanua Aprili, nikazikata, na sasa zimerudi," namjibu. Hucheka, akidhani najigamba.

Sijigambi. Mwaka 1920 wataalamu wawili wa Marekani, Garner na Allard, walichapisha utafiti wao juu ya tumbaku iliyokataa kuchanua wakati wa kiangazi hata itunzwe vipi. Waliona kwamba mimea mingi huchanua kwa kufuata urefu wa mchana, na baadaye ikajulikana kwamba kinachopimwa hasa ni usiku. Krisanthemu husubiri usiku mrefu. Leeds mwezi wa Juni usiku ni kama saa 7 tu, kwa hiyo hukua majani na kungoja mpaka giza lirefuke. Kericho iko karibu kabisa na ikweta, na usiku wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Krisanthemu ikishapata nguvu haina cha kungojea. Ndiyo maana wanaoikuza kwa ajili ya soko huku kwetu huiwashia taa usiku: wanataka shina lirefuke kwanza. Kosmosi nayo ni vivyo hivyo.

Kinachoamua mambo hapa ni mvua. Dalia, ua la asili ya Meksiko lililopewa jina la Msweden Anders Dahl, mimi hupanda viazi vyake masika yanapoanza. Ikifika Septemba mashina yamenipita kimo, na lazima yafungwe kwenye vijiti. Hapo ndipo mvua ya mawe inapotuvizia. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda milima yetu, na mchana ukielekea jioni mawe hushuka. Nyanda za Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa mara nyingi zaidi duniani. Dalia ikichanwachanwa usiing'oe. Kata shina juu kidogo ya jozi ya pili au ya tatu ya majani kutoka chini, nayo itachipua upya.

Na tafadhali, usiiibie chai mbolea ukaipa dalia. Ile NPK 26:5:5 tunayoletewa imejaa naitrojeni, kwa kuwa kwenye chai tunauza majani. Ukiimwagia dalia, utapata majani mapana ya kuvutia na maua ya kuhesabu. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri inatosha.

Kuna ua moja ambalo huku halihesabiwi kabisa, nalo ni la mchai wenyewe. Mchai ni ndugu wa kamelia, zile ambazo watu wa Japani na Ulaya hupanda kwa ajili ya maua. Ukichumwa kila baada ya wiki moja au mbili, majani mawili na chipukizi, na kupogolewa kila miaka michache, haupati nafasi ya kuchanua sana. Uachwe tu, na utaona ua dogo jeupe lenye kitovu cha manjano, lililoinama chini ya majani. Nimeacha michai michache kando ya ua wa ng'ombe ikue itakavyo, na nyuki wameijua. Kijana wangu hulalamika kwamba hizo ni kilo zinazopotea kila mwezi. Mimi humkumbusha kwamba nambari ya mkulima kule kiwandani imeandikwa kwa jina langu.