Itunze Saa Yako ya Betri

Je, una saa ya mkono ya betri? Saa hiyo haitiwi ufunguo. Ndani yake mna kipande kidogo cha jiwe liitwalo kwatzi. Umeme wa betri hulitikisa jiwe hilo mara 32,768 kila sekunde. Saa huhesabu mitikisiko hiyo. Sekunde ikitimia, mshale husogea.

Saa nyingine zina vitufe vya kupimia muda, kama wa mbio. Ukimaliza kupima, simamisha mshale wa kupimia. Ukiuacha uzunguke, betri itakwisha upesi. Usibonyeze vitufe saa ikiwa imelowa. Maji yanaweza kuingia ndani.

Saa ikisimama, usiifungie sandukuni. Betri iliyokwisha huweza kuvuja, na majimaji yake hula mitambo. Mpelekee fundi saa aitoe mapema. Atie betri nyingine ya namba ile ile.

Betri ya zamani usiitupe uani. Hata ikiwa imekwisha, mtoto akiimeza inaweza kumuunguza koo kwa ndani katika muda wa saa mbili. Akimeza, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje aanze kuumwa.