Kudidimia kwa Kichwa cha Risasi katika Ujazaji Upya wa Risasi za Bastola: Chanzo, Hatari na Namna ya Kuzuia

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kudidimia kwa kichwa cha risasi, yaani hali ambapo kichwa husukumwa ndani zaidi ya ganda baada ya risasi kukamilika kuundwa. Hali hii huwakabili hasa watu wanaojaza upya maganda yaliyokwisha kutumika, shughuli ya burudani na ya kupunguza gharama iliyoenea sana Marekani. Makala yanaonesha kuwa kinga kuu ni mshiko wa ukuta wa ganda juu ya kichwa, na kwamba kuubana mno mdomo wa ganda huudhoofisha mshiko huo badala ya kuuimarisha.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, neno risasi hubeba maana tatu: madini ya risasi, kipande kinachoruka kutoka mtutuni, na kifaa kizima chenye ganda, fataki, baruti na kipande hicho. Katika mazungumzo ya kawaida, muktadha hutosha kuzitenganisha. Katika maelezo ya kiufundi, hautoshi. Agizo la “kupima urefu wa risasi”, kwa mfano, laweza kumfanya msomaji apime kipande peke yake, ilhali kipimo kinachohusu usalama ni cha kifaa kizima. Kwa hiyo, katika makala haya, risasi ni kifaa kizima, na kipande kinachoruka kinaitwa kichwa.

2.0 Namna Kichwa Kinavyodidimia

Bastola inayojilisha yenyewe inapokokiwa, kitelezi huisukuma risasi ya juu kutoka kwenye magazini. Ncha ya kichwa hugonga mwinamo ulio nyuma ya mtutu, kisha risasi hupanda na kuingia chemba. Kugonga huko ndiko kunakokisukuma kichwa kurudi ndani ya ganda. Kichwa kilichoshikwa vyema hustahimili. Kilichoshikwa kwa ulegevu husogea kidogo, na kila risasi hiyo hiyo inapotolewa na kuingizwa tena, husogea zaidi.

Hali hii haiwahusu wajazaji pekee. Askari au mlinzi anayeondoa risasi chemba kila jioni na kuirudisha kila asubuhi huigongesha risasi ile ile mara nyingi, hata kama ilitoka kiwandani ikiwa imara.

3.0 Kwa Nini Milimita Moja ni Hatari

Ganda tupu la risasi ya milimita 9, iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, lina ujazo wa takriban sentimita za ujazo 0.86. Kichwa chenye kipenyo cha milimita 9.02 kikipachikwa kina cha milimita 5, nafasi inayobaki ni takriban sentimita za ujazo 0.54. Kichwa hicho kikididimia milimita 1 zaidi, hutwaa sentimita za ujazo 0.064, sawa na kiasi cha asilimia 12 ya nafasi iliyobaki. Katika risasi ya bunduki ya .30-06, ambayo ganda lake lina takriban sentimita za ujazo 4.4, msogeo huo huo huchukua kiasi cha asilimia 1 tu. Ndiyo maana tatizo hili ni la bastola zaidi kuliko la bunduki ndefu.

Aidha, kanieneo haiongezeki kwa uwiano sawa na upungufu wa nafasi. Kanuni ya mwako inayohusishwa na Mfaransa Paul Vieille, aliyeunda baruti isiyo na moshi mwaka 1884, hueleza kwamba kasi ya kuungua kwa baruti hupanda kadiri kanieneo inavyopanda. Nafasi ndogo huinua kanieneo. Kanieneo huharakisha mwako. Mwako huinua kanieneo tena, kabla kichwa hakijasogea vya kutosha mtutuni kuongeza nafasi.

SAAMI, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1926 kuweka viwango vya silaha na risasi, inaweka kikomo cha wastani cha kanieneo kuwa psi 35,000 kwa risasi ya milimita 9 na ya .40 S&W, na psi 21,000 kwa ile ya .45 ACP. Risasi mbili za kwanza huanza karibu na ukomo, na maganda yake ni madogo. Kosa dogo huvuka mpaka upesi. Ganda likipasuka sehemu ya nyuma isiyoegemezwa na chemba, gesi hutoka kupitia magazini na kwenye mkono wa mpigaji.

4.0 Dhana Potofu ya Kubana Mdomo

Mjazaji anayegundua vichwa vyake vinasogea hushawishika kubana zaidi mdomo wa ganda. Hatua hiyo ina mantiki kwa risasi za rivolva: ganda lina ukingo unaolizuia lisizame chemba, na mdomo waweza kukunjwa ndani ya mfereji uliochongwa kwenye kichwa. Hata hivyo, risasi ya milimita 9 huegemea mdomo wa ganda wenyewe ndani ya chemba. Mdomo uliokunjwa mno huharibu egemeo hilo.

Sababu ya pili ni unyumbufu. Ganda ni aloi ya shaba na zinki, na hujirudisha kidogo linapoachiwa baada ya kubanwa. Kiini cha kichwa ni madini laini ya risasi, ambayo hayajirudishi. Vikibanwa pamoja kupita kiasi, kichwa hubaki chembamba, ganda hutanuka, na mshiko hupotea. Kwa hiyo, kazi ya kubana katika risasi hizi ni kuondoa upanuzi wa mdomo uliofanywa ili kichwa kiingie, basi. Kipenyo cha mdomo hakipaswi kuzidi milimita 9.65.

5.0 Hatua za Kuzuia

Mshiko wa kweli hutokana na ganda kuwa na kipenyo cha ndani kidogo kuliko cha kichwa, kwa kawaida kwa milimita 0.05 hadi 0.08. Kutokana na hilo, mambo yafuatayo huzingatiwa:

(i) Kalibu ya kubania ganda ilirudishe kikamilifu kwenye kipimo, na kijiti cha kupanulia kisiwe kinene mno.

(ii) Mdomo upanuliwe kiasi cha kupokea kichwa bila kukikwangua, si zaidi.

(iii) Kipenyo cha vichwa kipimwe, na maganda yenye kuta nyembamba yatengwe.

(iv) Mafuta yaliyotumika katika kubania yafutwe ndani ya mdomo, kwa kuwa hupunguza msuguano.

(v) Risasi za majaribio zisizo na baruti wala fataki ziundwe kwanza, zipimwe urefu kwa kalipa, zikokiwe kutoka kwenye magazini, kisha zipimwe tena. Kusukuma kichwa kwa kidole gumba dhidi ya meza ni kipimo cha awali tu, kwani kitelezi hugonga kwa nguvu zaidi.

(vi) Risasi iliyokwisha kukokiwa isirudishwe juu ya magazini kila mara, na iliyofupika kuliko wenzake isipigwe.

6.0 Hitimisho

Kudidimia kwa kichwa hakuonekani kwa urahisi: risasi iliyofupika kwa milimita moja hufanana na nyingine mkononi, hukubali kuingia chemba, na hulipuka kama kawaida hadi siku isipokuwa kawaida. Kinga yake haimo katika nguvu ya kubana mwishoni, bali katika vipimo vya ganda na kichwa kabla havijakutana. Vilevile, imebainika kuwa maelezo ya Kiswahili kuhusu jambo hili hayana budi kutenganisha risasi na kichwa chake, kwa kuwa utata wa istilahi hapa waweza kugharimu vidole.