Nahau za Msafara: Ufafanuzi wa Piga Kambi, Funga Safari na Funga Virago kwa Wajifunzaji wa Kiswahili kama Lugha ya Kigeni

Misafara ya wapagazi kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilififia reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hata hivyo, semi zinazohusiana na kazi zake zingali hai, na wajifunzaji wageni huelezwa kuwa ni nahau za kukariri. Makala hii inadai kwamba lebo hiyo moja huficha tofauti za kisarufi ambazo mjifunzaji anazihitaji.

Tatizo hili si la Kiswahili pekee. Mrusi anayejifunza Kiingereza amezoea kiambishi awali cha kitenzi kibebe mwelekeo wa tendo. Katika Kiingereza hukuta kazi hiyo ikifanywa na neno fupi lifuatalo kitenzi. Katika semi zetu za kitenzi na nomino, swali ni lilelile: maana imekaa wapi? Majaribio mawili, kauli ya kutendwa na uongezaji wa kivumishi, husaidia kulijibu.

Piga kambi hupita majaribio yote mawili: "kambi ilipigwa kando ya mto", "walipiga kambi kubwa". Nomino imebaki na maana yake. Kitenzi ndicho kilichoacha maana ya kugonga.

Funga safari hukubali kivumishi, "tulifunga safari ndefu", lakini hukataa kutendwa. Anayesema "safari yetu ilifungwa jana", akikusudia kwamba tuliondoka, hueleweka kuwa safari imezuiwa au imekomeshwa.

Funga virago hushindwa katika yote mawili. Kirago ni mkeka wa kulalia. "Kocha amefunga virago" humaanisha ameondoka, hata kama hana mkeka wowote. Na kimilikishi chakubalika: "amefunga virago vyake". Lakini "virago vikubwa vilifungwa" huturudisha kwenye mikeka halisi. Hapa maana imo katika usemi mzima.

Toa hongo huonekana kufanana na semi hizi, ilhali si nahau. Hongo ni nomino inayojitegemea: "hongo ilitolewa", "hongo nono". Kilichobadilika ni maana ya nomino yenyewe. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru ambao msafara ulimlipa mtawala ili upite katika nchi yake, mara nyingi kwa nguo na shanga. Stanley, aliyepita Ugogo mwaka 1871 akielekea Tabora, aliyalalamikia malipo hayo. Lakini kulalamikia ushuru si kuthibitisha rushwa. Msomaji wa leo anayeleta maana ya sasa katika maandishi ya wakati ule huwahukumu watawala wa bara kwa kosa ambalo neno halikulitaja.

Hivyo basi, inapendekezwa kwamba ufundishaji uanze na piga kambi, uendelee na funga safari, kisha funga virago, na hongo ifundishwe kando kama badiliko la maana. Aidha, vidahizo vya kamusi za wajifunzaji vionyeshe iwapo usemi hukubali kutendwa na kivumishi. Fasili peke yake humwezesha mjifunzaji kuuelewa usemi, lakini haimkingi dhidi ya kuutumia visivyo.