Mwili kama Zawadi ya Mungu: Utata wa Neno Moja katika Mafundisho ya Kikristo Mashariki mwa Kongo

Makala haya yanahusu neno moja, "mwili", na uzito ambao neno hilo humtwika muumini anayelisikia kwa Kiswahili. Katika Kiyunani cha Agano Jipya, Mtume Paulo anatumia maneno mawili ambayo Biblia ya Muungano, iliyotolewa mwaka 1952, mara nyingi huyafasiri kwa neno hilohilo. La kwanza ni soma, yaani kiwiliwili hiki kinachozaliwa na kufa, mtu mzima kama anavyoonekana na kuguswa. La pili ni sarx. Maana yake huhama: mara ni nyama, mara ni udhaifu wa binadamu, na mara nyingi kwa Paulo ni mwelekeo wa mtu aliyempa Mungu kisogo.

Kwa hiyo msomaji wa Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6, anaambiwa kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Akifungua Waraka kwa Wagalatia, sura ya 5, anaukuta mwili ukishindana na Roho na matendo yake maovu yakiorodheshwa. Mwalimu wa theolojia anajua kwamba hapo pana maneno mawili. Muumini aliyeketi kwenye benchi hana habari.

Orodha yenyewe haimsaidii anayedhani kuwa kiwiliwili ndicho adui. Kati ya maovu 15 yanayotajwa katika Wagalatia, 8 ni ya watu kukosana wao kwa wao: uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, faraka, uzushi na husuda. Hayo hayahitaji kiungo chochote isipokuwa moyo wenye chuki, na ulimi, bila shaka. Augustino wa Hippo aliliona jambo hili mapema. Katika kitabu cha 14 cha Mji wa Mungu anakumbusha kwamba Shetani hana mwili wa nyama, na bado ana kiburi na husuda kuliko wote.

Jirani zetu wa Rwanda walichagua njia nyingine. Biblia ya Kinyarwanda hutumia umubiri kwa soma, lakini katika Wagalatia 5 huweka kamere, yaani tabia ya asili ya mtu. Faida yake ni wazi: msikilizaji hawezi kuichanganya kamere na mikono na miguu yake. Hasara nayo ipo. Katika Yohana 1:14, ambapo Kiyunani kina sarx ileile, Kinyarwanda husema kwamba Neno alifanyika umuntu, na ule ukali wa kusema kwamba Mungu alitwaa nyama na damu hupungua. Kiswahili cha Muungano kimeuhifadhi ukali huo. Biblia Habari Njema, ya miaka ya 1990, ilijaribu kuutatua utata wa Wagalatia kwa kuweka "ya kidunia". Lakini katika masikio ya wengi "kidunia" ni muziki wa dansi na mitindo ya mavazi, na tatizo limehamishwa tu kutoka kwenye ngozi hadi kwenye nguo.

Kwa nini jambo la watafsiri liwahusu washauri wa sera? Mashariki mwa Kongo, Kiswahili ni lugha ya ibada, ya soko na ya zahanati. Wachungaji wengi wamesomea theolojia kwa Kifaransa, ambacho hutenganisha chair na corps, kisha huhubiri kwa lugha ambayo imeyaunganisha. Ni eneo hilohilo ambalo vita vya tangu 1996 vimeacha maelfu kwa maelfu ya wanawake, na wanaume pia, waliobakwa. Mtu huyo akirudi kanisani hukutana na mafundisho mawili: kwamba mwili ni adui wa Roho, na kwamba mwili ni hekalu lisilopaswa kunajisiwa. Kutokana na hayo anaweza kujitungia la tatu, ambalo huenda hakuna mchungaji aliyelitamka: kwamba hekalu lake limebomoka na Roho amehama.

Maandiko hayamruhusu mtu kufika huko. Paulo katika Wakorintho anawakemea wanaume waliokwenda kwa makahaba kwa hiari yao. Hoja yake ni ya utashi. Kumbukumbu la Torati 22:25-27 linamfananisha mwanamke aliyekamatwa shambani na mtu aliyevamiwa akauawa, na kumtangaza kuwa hana hatia. Augustino alilirudia wazo hilo, akiwatetea Wakristo wa kike waliotendewa jeuri Roma ilipotekwa mwaka 410.

Hata taswira ya hekalu, ikisomwa kwa historia yake, inasema kinyume cha kinachohofiwa. Mwaka 167 KK mfalme Antioko wa Nne aliinajisi madhabahu ya Yerusalemu. Mwaka 164 KK Yuda Makabayo na wenzake walilitakasa hekalu, wakaweka sikukuu ya kila mwaka. Hatia ilibaki kwa aliyevamia. Hekalu lenyewe halikushtakiwa wala kuachwa. Yohana 10:22-23 inamwonyesha Yesu akitembea hekaluni wakati wa sikukuu hiyohiyo ya kutabaruku. Jengo lilikuwa limetengenezwa upya na Herode, lakini mahali palikuwa palepale. Mhubiri anayetaja hekalu bila kutaja sikukuu hii ameacha nusu ya habari nje, nayo ndiyo nusu inayohitajika zaidi.

Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste, chini ya kanisa la CEPAC, inaonyesha mafundisho haya yakitendeka. Huko mtu aliyebakwa hapati upasuaji wa fistula pekee. Hupata pia msaada wa kisaikolojia, wa kisheria na wa kujitegemea kiuchumi. Mwili unaheshimiwa kwa kushonwa, kusikilizwa, kutetewa mahakamani na kupewa kazi ya mikono. Ni soma kwa maana kamili ya Paulo, mtu mzima.

Kuhusu sera, kinachoweza kufanywa mara moja ni ukaguzi wa vitabu vya katekisimu na kanuni za nidhamu za makanisa. Katika katekisimu, "mwili" ubaki pale unapotafsiri soma, na katika Yohana 1:14. Katika Wagalatia na Warumi 8, mwalimu aongeze maelezo kama "hali ya kumwasi Mungu". Katika kanuni za nidhamu, kila kifungu kinachohesabu mimba nje ya ndoa kuwa ushahidi wa kuanguka dhambini kiongezewe maneno "kwa hiari yake", ili wazee wa kanisa walazimike kuuliza ilivyotokea kabla ya kumtenga mtu na meza ya Bwana. Kazi hiyo haihitaji kungoja tafsiri mpya ya Biblia, ambayo huchukua miaka mingi. Inaweza kuletwa katika mkutano mkuu ujao wa kila kanisa.