Cheti cha ukaguzi hakishiki breki: pikipiki kuukuu kati ya Jinja na Mbale

Pikipiki iliyobeba magunia kwa miaka minane inaweza kufaulu ukaguzi Jumatatu asubuhi, na ikifika Ijumaa jioni isifae tena kupita barabarani. Si lazima awepo aliyetoa hongo. Mkaguzi anaweza kuwa amefanya kazi yake sawasawa na mwenye chombo akawa mkweli. Ukaguzi huonyesha hali ya siku moja, na chombo kikuukuu hubadilika upesi.

Kwa wafanyabiashara wanaohudumia masoko ya Jinja na Mbale, na kwa wenzao wanaovuka Busia, Malaba au Lwakhakha, jambo hili lina bei. Wengi hununua pikipiki iliyokwishatumika, na wengine humkabidhi mwendesha boda boda mzigo wa fedha nyingi. Katika hali zote mbili karatasi huaminiwa kuliko chombo chenyewe.

Hesabu ni rahisi. Kutoka Jinja hadi Mbale kupitia Iganga na Tirinyi ni karibu kilomita 150. Anayekwenda na kurudi mara mbili kwa wiki hutembea kilomita 600, yaani zaidi ya 30,000 kwa mwaka. Ukaguzi wa mara moja kwa mwaka humpima siku moja tu katika umbali huo wote. Kabla ya siku hiyo kufika tena, mnyororo unaweza kuwa umekwisha, tairi ya nyuma imebadilishwa na viatu vya breki vimelika.

Uganda imeshajaribu kuuweka ukaguzi katika mfumo mmoja. Mwaka 2015 serikali iliingia mkataba na kampuni ya SGS ya Uswisi ili magari yakaguliwe kwa mashine katika vituo maalumu, na Mbale ikawa miongoni mwa miji iliyopangiwa kituo. Wabunge wakauhoji mkataba huo, na mwaka 2017 Bunge likausimamisha mpango. Wakaguzi wa vyombo wa Polisi, wanaojulikana kwa kifupi kama IOV, bado huitwa baada ya ajali kueleza kama chombo kilikuwa na kasoro. Kwa aliyeumia au kupoteza mzigo, maelezo hayo huja wakati maji yamekwisha mwagika. Mwaka 2024 peke yake zaidi ya watu 5,000 walikufa katika ajali za barabarani nchini humo.

Hata penye mashine, pikipiki si gari dogo. Mashine ya kupima breki za gari hulinganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Magurudumu ya pikipiki yamefuatana, kwa hiyo huhitaji kipimo chake. Kipimo hicho kisipokuwepo, hubaki macho na mkono wa mkaguzi, na pikipiki kuukuu ina njia za kuvipotosha.

Njia ya kwanza ni nati ya breki ya nyuma. Pikipiki nyingi za kazi hutumia breki za ngoma. Viatu vikilika, fundi hukaza nati na pedali hurudi kuwa ngumu kama mpya. Anayeikanyaga ataridhika. Lakini nati ikiwa imefika karibu na mwisho wa hesi zake, viatu vimekwisha na hakuna tena pa kukaza. Kwenye ngoma nyingi kuna mshale mdogo na alama yake: breki ikikanyagwa na mshale ukapita alama, viatu vibadilishwe.

Njia ya pili ni mnyororo. Ukilegea, ekseli huvutwa nyuma na mnyororo hukaza tena. Dawa ya kugundua ni kutazama meno ya sproketi. Yakiwa yamechongoka kama ya msumeno, mnyororo na sproketi vimekwisha pamoja. Mnyororo unaokatika katika mwendo unaweza kulifunga gurudumu la nyuma.

Ya tatu ni injini. Ringi za pistoni zikichoka, oili huungua na moshi wa buluu hutoka. Oili nzito zaidi hupunguza moshi huo kwa muda. Ndiyo maana mnunuzi afike kabla injini haijawashwa, aishike kwa mkono kuhakikisha ni baridi, kisha aiwashe mwenyewe. Injini iliyokwishapashwa moto kabla ya mnunuzi kufika inastahili maswali.

Vipimo vingine havihitaji kituo wala ada. Njiti za rimu zigongwe moja moja kwa spana: iliyolegea hutoa sauti nzito kuliko wenzake. Gurudumu la mbele liinuliwe na usukani ugeuzwe taratibu. Ukikwama katikati, beringi za shingo zimekwisha. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe: 3518 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2018. Namba ya fremu na ya injini zilinganishwe na kadi ya pikipiki, tarakimu kwa tarakimu. Taa zijaribiwe usiku, kwa kuwa barabara ya Jinja kwenda Iganga ina matrela ya miwa, na lililoegeshwa gizani halionekani mapema.

Baada ya hapo pikipiki ijaribiwe ikiwa na mzigo. Breki inayoisimamisha ikiwa tupu si ushahidi kwamba itaisimamisha ikiwa na magunia mawili ya vitunguu ikiteremka kutoka miinuko ya Mlima Elgon. Katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, chombo hutembea karibu mita 17 kwa sekunde moja, kabla dereva hajagusa breki. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama baada ya breki kushika huongezeka mara nne.

Mpaka nao una karatasi zake. Kadi ya Njano ya COMESA huendeleza bima ya mtu wa tatu katika nchi zilizomo kwenye mpango huo, Uganda, Kenya na Tanzania zikiwemo. Lakini bima ya mtu wa tatu humlinda aliyegongwa. Hailipi nyanya zilizomwagika wala pikipiki iliyopondeka. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari iliandikwa kwa ajili ya malori, haigusi pikipiki. Kwa hiyo mwenye mzigo mdogo hubeba hasara yake mwenyewe.

Kinachoweza kuziba pengo la mwaka mzima ni daftari. Kila fundi anapogusa chombo, iandikwe tarehe, kilomita na kipuri kilichobadilishwa. Breki, mnyororo na tairi vitazamwe kila kilomita 3,000, yaani kila baada ya wiki tano kwa anayefanya safari zile mbili za wiki. Wafanyabiashara wanaujua msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Anayeuza pikipiki kuukuu akiwa na daftari la namna hiyo anamwonyesha mnunuzi miaka yake yote. Mwenye cheti peke yake anamwonyesha siku moja, na bei ifuate tofauti hiyo.