Mjapani aliyeshuka Garsen

Basi la Lamu liliposimama Garsen miaka kadhaa iliyopita, sisi abiria wa kutoka Mombasa tulifanya kama desturi yetu. Tulichomoza vichwa madirishani tukauliza bei ya maembe. Msichana wa Kijapani aliyeketi nyuma yangu aliteremka, akamwinamia kidogo mama muuzaji, akasema, "Shikamoo, mama." Mama akacheka, akaitikia marahaba, akampa embe moja bure. Sisi tulilipa.

Yeye alikuwa mwalimu wa kujitolea. Vijana kama yeye wamekuwa wakija Kenya tangu 1966 chini ya mpango wa serikali yao uitwao JOCV: walimu, wauguzi, mafundi. Hukaa miaka miwili, na kabla ya kuondoka kwao hufunzwa lugha kambini. Basi usishangae, msomaji, ukisikia Kiswahili chao kimenyooka kuliko chako.

Kumbe tairi lilikuwa limepasuka. Vijana wawili wa Kipokomo wakatukaribisha hotelini, tukaletewa wali na kambare wa mto Tana. Mjapani alivua viatu kabla ya kukanyaga mkeka, maana hata kwao viatu haviingii ndani. Sahani aliipokea kwa mikono miwili. Alinong'ona neno la kushukuru chakula, kisha akala mpaka punje ya mwisho.

Vijana walimweleza habari za Gamba, mashamba ya mpunga yaliyoanzishwa kwa mkopo wa Japani, ambayo kingo zake zilibomolewa na mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998. Alinyamaza kwa muda. (Kimya cha Mjapani si kiburi, mpe nafasi afikiri.) Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia: mama zenu huwaimbia watoto wimbo gani?

Mmoja akaimba polepole. Nikashtuka. Yalikuwa mahadhi ya Wimbo wa Taifa! Naam, mwaka 1963 mahadhi hayo yalichukuliwa kutoka kwa wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Mimi niliuimba gwarideni tangu darasa la kwanza, na hakuna siku niliyouliza ulitoka wapi.

Wewe ukikutana na kijana wa Kijapani safarini, tafadhali usimwite Mchina wala usimpigie makelele ya karate, kama walivyofanya makanga pale stendi. Msalimu, mwite kwa jina lake la ukoo ukiongeza "san", na usimharakishe. Wengi wana haya kuliko sisi. Akisema "labda", mara nyingi hiyo ndiyo hapana yake.

Dereva akapiga honi. Mjapani akatoa kijidaftari, akaandika majina ya vijana wale wawili, la mwenye hoteli, na la yule mama wa maembe, akiuliza kila moja linavyoendelezwa. Tulikuwa tumeshaiacha Garsen nyuma nilipokumbuka kwamba mimi sikuwa nimemuuliza mtu yeyote jina.