Hesabu ya Matairi

Mghange, kwenye milima ya Taita, dereva hujulikana kwa matairi yake. Watu wa huku juu hawaulizi kwanza gari ni la mwaka gani. Huinama wakatazama ukingo wa ndani wa tairi la mbele, pale ambapo alaimenti mbovu na kona za kila siku hula mpira taratibu. Upande wa nje unaweza kuonekana mpya huku ule wa ndani nyuzi zimeshatokeza. Mama anayepeleka mboga Wundanyi analijua hilo ingawa hajawahi kushika usukani. Ameshawahi kukwama njiani na magunia yake ya kabichi, jua likizama, na tangu siku hiyo anajua pa kutazama kabla hajapanda.

Ardhi yenyewe ndiyo iliyoleta desturi hii. Mji wa Voi uko kwenye tambarare kavu, takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Vuria, kilicho jirani na kwetu, kinafika mita 2,208. Katikati kuna Mwatate, kisha lami ya Wundanyi inayojikunja kona juu ya kona, kisha njia za kwenda Werugha, Mwanda na Mghange zote mbili, ile ya Dawida na ile ya Nyika, nyingi zikiwa za mawe na udongo mwekundu. Kwa safari moja gari hupita kwenye lami iliyochomwa na jua, kwenye ukungu, kwenye changarawe na, masika yakiingia, kwenye tope. Tairi laini linaloshika vizuri njia mbaya huisha upesi kwenye lami ya Voi, na lile gumu linalodumu kwenye lami hukataa kushika udongo uliolowa. Kila mwenye gari huku amelazimika kuchagua upande mmoja, kisha akaishi na uchaguzi wake.

Mafunzo huanza mapema, kabla mtu hajaota ndoto ya leseni. Mtoto wa milimani akipata tairi kuukuu la pikipiki hulikimbiza kwa kijiti, kama watoto wa kwingine. Ila kwenye tambarare mchezo huo ni wa kusukuma, na kwetu ni wa kuzuia. Tairi likiponyoka kwenye mteremko halirudi. Litaruka tuta baada ya tuta, litalaza mahindi ya jirani, na atakayeitwa kujibu ni mzazi. Basi mtoto anajifunza kuligusa kwa kijiti kabla ya kona, likiwa bado limenyooka, kwa sababu ukilizuia ndani ya kona linalala. Hakuna mwalimu aliyemfundisha. Miaka kumi baadaye, akiwa juu ya bodaboda na abiria wawili nyuma, mkono wake unakumbuka: breki kabla ya kona, si ndani yake.

Kwa gari, kanuni ya wazee ni kuteremka kwa gia uliyopandia. Injini ibebe uzito, breki imalizie. Anayeteremka fri ili abane mafuta kidogo hulipa kwa breki zilizochemka na kwa matairi yaliyosagika, na siku nyingine hulipa kwa kitu kikubwa zaidi. Toyota Probox, ambayo imekuwa punda wa milima hii, huvutwa na magurudumu ya mbele. Hayo ndiyo yanayovuta, ndiyo yanayokata kona, na wakati wa breki ndiyo yanayopokea uzito unaoinama mbele. Kwa hiyo yanaisha kabla ya wenzao wa nyuma, na mwenye akili huyabadilisha mahali mapema, mbele yaende nyuma, yote manne yazeeke pamoja. Dereva akiingia konani kwa kasi kisha akazidisha usukani kwa hofu, gari halikati zaidi. Linakwenda moja kwa moja huku mpira wa mbele ukiparuzwa ubavuni. Abiria husikia tairi likilia. Tairi linalolia hulipiwa.

Upepo nao una adabu yake. Ukiwa mdogo, tairi huisha kingo mbili, na ukizidi huisha katikati. Anayejaza mchana Voi, mpira ukiwa moto, huona kipimo kimetosha, kisha akiamka kwenye baridi ya Mghange anakuta tairi limelegea. Ndiyo maana madereva waangalifu hupima alfajiri, kabla gari halijatembea.

Hata hivyo, yote haya mtu anaweza kuyajua na bado akamaliza matairi kabla ya wakati. Nimekuja kuamini kwamba ujuzi si kiini cha jambo. Kiini ni nani analipa. Tazama vijana wawili wa bodaboda kwenye steji moja. Mmoja pikipiki ni yake, na mwingine anapeleka hesabu kwa mwenye chombo kila jioni. Wote wawili wamekulia kwenye miteremko hii hii. Wa kwanza hukwepa mawe makali, huachia mafuta mapema kabla ya kona, hasimamishi pikipiki kwa kuburuza gurudumu la nyuma. Wa pili ana saa chache za kutafuta hesabu, na kinachobaki juu yake ndicho mlo wake. Tairi likiisha, mwenye chombo atanunua. Kila breki ya ghafla inamwokolea nukta, na nukta kwake ni pesa. Simlaumu. Mpango aliowekewa unamfundisha kutumia kile asicholipia ili apate kile anachokihitaji, na angekuwa mjinga kufanya vinginevyo. Nimewahi kusikia mwenye pikipiki mmoja akimaliza tatizo hilo kwa njia rahisi: alimpa kijana wake hesabu ndogo zaidi na kumwachia gharama ya matairi. Tairi lililokuwa likiisha haraka likaanza kudumu.

Likishafika mwisho, tairi halitupwi. Hugeuka akala, hugeuka chombo cha mbuzi kunywea maji, na blada yake hukatwa vipande vya kufungia mizigo kwenye pikipiki ile ile.

Kuna sababu nyingine ya matairi kuisha kabla ya wakati ambayo madereva wazee hutaja, nayo ni hasira. Mtu aliyetukanwa steji au aliyegombana nyumbani huonekana barabarani: anachelewa kukanyaga breki, anakata kona kwa ubishi. Watu wa Taita wana historia ndefu na jambo hili. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi huku mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1978, kuhusu dini ya Wataita wa zamani, na katikati yake aliweka kutasa. Mzee aliyekuwa na uchungu moyoni alichukua funda la maji au la pombe ya miwa, akalipuliza nje kama manyunyu huku akitamka maneno ya kuiondoa hasira na kuomba mema. Iliaminika kwamba hasira iliyofichwa moyoni inaweza kuleta maradhi na mikosi kwa jamaa. Leo wengi wetu ni Wakristo na kutasa kumebaki kwa wachache. Sidai kwamba dereva anayevuta pumzi kabla ya kuwasha gari anafanya ibada ya mababu. Nasema tu kwamba jamii iliyoamini kwa vizazi kuwa hasira ya mmoja huwadhuru wengine haihitaji kufafanuliwa sana kwa nini dereva mwenye kisirani asipewe ufunguo.

Milima hii imeona pia madereva wakubwa. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na katika miaka ya 1970 na 1980 njia yake ilikuwa ikipita Taita magari yalipokwenda au kutoka Mombasa. Zilikuwa mbio za maelfu ya kilomita, wakati wa Pasaka, mvua zikinyesha. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari 7 tu yaliyomaliza. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, alishinda mara tatu, mwaka 1965 na Volvo, kisha 1974 na 1976 na Mitsubishi, na waliomfuatilia walimsifu kwa jinsi alivyolitunza gari mpaka mwisho. Kwenye mbio za namna ile, aliyeongoza siku ya kwanza hakuwa na hakika ya chochote. Hata sasa, mbio zikiwa zimerudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na kuhamia Naivasha, mawe bado yana neno: mwaka 2022 Sébastien Ogier alikuwa mbele alipopasukiwa tairi, na ushindi ukaenda kwa Kalle Rovanperä.

Sasa kizazi kipya kinaendesha kwenye skrini. Vibanda vya gemu vya Voi na Wundanyi vina runinga, PlayStation na benchi la kungojea zamu. Kandanda ndiyo mfalme humo, lakini magari hayakosi wapenzi. Na hapa pana jambo ambalo wazee wengi hawalijui. Michezo mizuri ya magari huhesabu uchakavu wa tairi kwa undani. Kwenye Gran Turismo, mfululizo ulioanza mwaka 1997, matairi manne huonyeshwa pembeni mwa skrini, kila moja na kiwango chake kinachoshuka kadiri unavyoparuza. Kwenye michezo ya Formula 1 kuna tairi laini la rangi nyekundu, la kati la njano na gumu jeupe, na kila moja lina joto lake. Likiwa baridi halishiki, likichemka linayeyuka. Kwenye WRC 9, iliyotoka Septemba 2020, kulikuwa na Safari Rally ya Kenya. Mwaka huo mbio za kweli zilifutwa kwa sababu ya korona, kwa hiyo kijana mwenye pedi aliweza kuendesha Safari mpya miezi kadhaa kabla magari yenyewe hayajatimua vumbi Naivasha.

Kinachonivutia ni kwamba makosa ni yale yale. Mgeni wa mchezo husukuma kijiti cha pedi mpaka mwisho kila kona, gari linakataa kukata, naye anazidi kusukuma, na tairi la mbele linashuka mbele ya macho yake. Hutoka konani kwa kukanyaga mafuta yote, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure na kuchemka. Aliyeiva huinua kidole kabla ya breki, akaliacha gari lielee kidogo, akakanyaga likiwa limenyooka, akafungua mafuta polepole. Mizunguko ya mwanzo anaachwa nyuma. Kwenye mzunguko wa kumi na mbili anampita mwenzake ambaye sasa gari linamteleza mikononi kila mahali. Mtoto aliyezuia tairi kwa kijiti kwenye miteremko ya Mghange angelielewa jambo hilo mara moja, kama angepata nafasi ya kuufikia huo mzunguko wa kumi na mbili.

Nafasi hiyo haipatikani. Kibandani mtu hulipa kwa mchezo au kwa dakika, na benchini wapo wanaongojea. Mbio zinakuwa za mizunguko miwili au mitatu, uchakavu umezimwa kwenye mipangilio ili usisumbue, na kila mtu huchagua tairi laini kwa sababu halitaisha kabla ya mbio kuisha. Kijana anakanyaga, anagonga ukuta, anacheka, anatoka. Ni ile hesabu ya jioni imerudi kwa sura nyingine: dakika zinalipiwa, tairi halilipiwi na mtu. Tunasema gemu zinawaharibu madereva wetu wa kesho, na mimi naona tumezikata gemu mahali penyewe ambapo zingewafundisha.

Najua mipaka ya gemu. Mchezo ukianza upya, tairi linarudi asilimia mia. La Mghange hubeba kila jiwe la wiki iliyopita. Hakuna mama mwenye kabichi kiti cha nyuma. Tairi likipasuka skrinini hakuna jeki ya kutafuta gizani. Lakini kuna kitu kimoja skrini inaweza kufanya ambacho barabara haiwezi: kumwonyesha kijana, tairi kwa tairi na kona kwa kona, gharama ya kila anachofanya, wakati anakifanya. Kwa gari la kweli gharama hiyo huja baada ya miezi, imechanganyika na mengine mengi, na aliyeisababisha huenda amekwisha kuhamia chombo cha mtu mwingine.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye vibanda. Katikati ya wiki, mchana, runinga nyingi hukaa bila mteja. Watenge saa moja ya mbio ndefu. Gran Turismo inaruhusu uchakavu uongezwe mara kadhaa, mbio za nusu saa zikawa na uzito wa mbio za saa nyingi, kwa hiyo muda si kisingizio. Bei iwe ya mbio nzima, isiwe ya dakika, ili anayeendesha taratibu asihisi anaibiwa. Waalike vijana wa bodaboda, wale wa hesabu hasa, na mzee mmoja wa Probox akae pale benchini atazame. Na anayemaliza kwa kuingia kubadilisha matairi mara chache kuliko wote apewe mbio zinazofuata bure.